Kabla Hujapandisha Dau, Hesabu Siku za Kula

Tangu muhula huu uanze, kundi letu la WhatsApp la wanafunzi tunaotoka Biharamulo na Ngara limegeuka soko. Zamani lilikuwa la kuulizana nauli, kupeana pole za misiba na kutafutana wakati wa likizo. Sasa asubuhi mtu anatupia tangazo la mnada wa mtandaoni: pikipiki inaanzia laki tano, kompyuta mpakato inaanzia elfu themanini, simu inaanzia elfu kumi. Kufikia jioni wana watatu wameshaweka dau, na mmoja wao anaomba akopeshwe elfu hamsini "ya chapchap" kwa sababu saa ya kufunga imekaribia na kuna mtu asiyemjua anamsumbua kwa kupandisha.

Mimi sina ugomvi na minada. Ninachogombana nacho ni mafunzo tunayopeana humo ndani. Kila anayejiita mzoefu anafundisha mbinu: subiri sekunde ya mwisho, panda kwa kishindo ili kuwatisha wengine, anza mapema ili ujulikane. Hakuna anayemuuliza mgeni swali la kwanza kabisa, kwamba mwisho wako ni shilingi ngapi, na umeupataje. Msimamo wangu ni huu: kikomo cha kununua kikokotolewe kabla hujafungua ukurasa wa mnada, kianzie kule kitu kitakakotumika, na kikishaandikwa kisiguswe. Mbinu zinakuja baadaye, na kwa mtu anayeanza zina kazi ndogo sana.

Mtu asikwambie kwamba mnada wa mtandaoni ni mambo ya matapeli peke yao. Serikali yenyewe imo. Mwaka 2019 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, ilianza kugawa vitalu vya uwindaji wa kitalii kwa mnada wa kielektroniki, kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa mezani kwa waziri. (Mwaka huohuo mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kwa hiyo mnada ule kwetu ulipita kando.) TRA nao wanauza mtandaoni mizigo iliyotelekezwa forodhani. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mzigo usiofanyiwa taratibu zake ndani ya siku 21 unaanza safari ya kwenda ghala la forodha, na usipogombolewa hata baada ya notisi, unapigwa mnada. Na korosho za kusini, kuanzia msimu wa 2024/2025, zikaanza kuuzwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambako mnunuzi anaweka bei yake akiwa popote alipo.

Hebu mwangalie huyo mnunuzi wa korosho, kwa sababu ndiye mwalimu ninayemtaka. Haanzi kwa kuuliza mnada unaanzia bei gani. Anaanzia mwisho: korosho hii ikifika Vietnam au India nitaiuza kwa kiasi gani? Kutoka hapo anarudi nyuma hatua kwa hatua. Anatoa meli, anatoa bandari, anatoa magunia, usafiri kutoka ghalani, tozo, riba ya benki na kiasi cha korosho atakachokikuta kimeharibika. Kinachobaki baada ya faida yake ndicho kikomo. Mwenzake akipita hapo, yeye anafunga kompyuta na kwenda kunywa chai. Hana hasira. Tani nyingine ziko njiani.

Sisi tunafanya kinyume. Tunaona laki tano, tunaipenda laki tano, tunaanza kupanda kutoka laki tano. Bei ya kuanzia imewekwa pale na muuzaji, tena kwa kazi moja tu, kukuingiza. Haisemi lolote kuhusu thamani ya kitu. Mvuvi naye akitia chambo kwenye ndoana hamaanishi kwamba chakula ni bure.

Tuichukue ile pikipiki ya laki tano iliyozungushwa kundini mwezi uliopita, iliyokuwa imesimama kwenye yadi Dar es Salaam. Namba ninazoweka ni za mfano, wewe weka zako. Lengo ni aende nayo kaka au binamu aliyeko Nyabusozi, afanye bodaboda, kila wiki atume kitu kidogo cha ada. Basi swali la kwanza ni hili: pikipiki iliyotumika ya aina hiyo, nzima, yenye karatasi zake, ikiwa tayari imesimama pale Nyabusozi, watu wananunuliana kwa bei gani? Piga simu kwa mafundi wawili watatu wa huko, usiulize watu wa mjini. Tuseme jibu ni sh. 1,800,000. Hiyo ndiyo Vietnam yako.

Sasa rudi nyuma. Matairi, betri, mnyororo na kazi ya fundi, weka sh. 350,000, kwa sababu pikipiki iliyosimama yadi haijasimama kwa kupenda. Kuisafirisha kwenye basi au lori kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi Nyakanazi, kisha kuishusha na kuifikisha nyumbani, sh. 120,000. Kubadilisha umiliki na kukata bima, sh. 150,000. Wewe mwenyewe kwenda yadi mara mbili, moja kuikagua na moja kuichukua, pamoja na kula njiani, sh. 60,000. Halafu weka sh. 200,000 ya yale usiyoyaona. Jumla ni sh. 880,000. Ukitoa kwenye 1,800,000 unabaki na sh. 920,000. Andika namba hiyo kwenye karatasi, weka tarehe.

Angalia namba hiyo inavyobadilisha mazungumzo. Mwenzetu mmoja alikuwa tayari kufika 1,350,000 kwa hoja kwamba "mpya ni milioni tatu, kwa hiyo bado nimeokoa". Hajaokoa kitu. Akiongeza ukarabati, usafiri, karatasi na nauli zake, yaani sh. 680,000, amefika 2,030,000 kabla hata hajakutana na tatizo moja lililojificha, wakati pale kijijini angeipata kwa milioni moja na laki nane, akiijaribu kwanza kupandia mlima.

Kuna kitu kidogo hapa ambacho wageni wengi wanakikosea. Kikomo hakisemi upate kitu kwa bei hiyo. Ukishinda kwa 920,000 kamili hujapata dezo, umelipa thamani yote na kazi yako ya kuhangaika imeenda bure. Ukishinda kwa laki saba, hapo umepata nafuu ya sh. 220,000. Kwa hiyo kikomo ni mstari ambao ukiuvuka ni bora ungebaki umelala. Mtu anayeona uchungu kupitwa kwa elfu tano juu ya kikomo chake aliandika kikomo cha uongo. Angeandika cha kweli, asingejali.

Kisha soma tangazo hadi mwisho, hata yale maandishi madogo. Mali huuzwa "kama ilivyo na mahali ilipo", maneno matano yenye maana kwamba ikishakuwa yako, injini ikigoma ni shauri lako. Angalia kama VAT ya asilimia 18 imo ndani ya dau au inaongezwa juu. Kama iko juu, kikomo chako cha 920,000 kinashuka hadi 779,000 hivi, maana 779,000 pamoja na asilimia 18 yake inakupeleka 919,220. Watu wameumia kwenye mstari huo mmoja. Angalia pia muda wa kulipa. Minada mingi inadai amana papo hapo na salio ndani ya siku chache. Hata mahakama ikiuza nyumba au shamba kwa mnada, mshindi anatakiwa aweke asilimia 25 hapohapo na kumaliza ndani ya siku 15. Kwa hiyo kama huna robo mkononi sasa hivi na robo tatu mahali unapojua, kikomo chako ni sifuri, haijalishi hesabu ya Nyabusozi imesema nini. Yadi nazo hutoza siku za kuhifadhi mali ambayo mshindi hajaiondoa. Ukiwa kwenye mitihani, pikipiki yako inakula hela huko.

Sasa tuje kwenye bumu. Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi kwa wanufaika wa mkopo wa HESLB ilipandishwa kutoka sh. 8,500 hadi sh. 10,000 kwa siku. Kwa hesabu ya mnada hiyo ni bahati ya ajabu, kwa sababu mifumo mingi ya makundi yetu inapanda kwa elfu kumi kumi. Maana yake kila unapobonyeza "ongeza", umeuza siku moja ya kula. Umebonyeza mara tatu kwa sababu tu kuna mtu anaitwa mtumiaji namba fulani anakukera? Umeuza siku tatu. Nimeshuhudia mwenzangu wa chumba kimoja akigombea kompyuta mpakato, mwisho wake alikuwa amesema mwenyewe ni 250,000. Saa nne usiku alikuwa 340,000, amesimama, jasho linamtoka, na alipoambiwa ameshinda alishangilia kama goli la dakika ya tisini. Siku tisa za kula. Betri ilikuja kuwa kimeo, na muuzaji hakupokea simu tena. Mpaka bumu lililofuata jamaa alikuwa mgeni wa kudumu kwenye sufuria yetu, tukimpenda vilevile.

Nisimcheke. Wengi wetu hapa hela tunayochezea haijatoka hata kwenye bumu, imetoka kwenye mahindi na maharage ya nyumbani. Mzee ameuza magunia, amekutumia, amekwambia "mwanangu, angalia huko mjini kama kuna kitu cha kutusaidia". Hela ya namna hiyo haina nafasi ya pili mpaka msimu ujao.

Kwa nini tunavuka? Jibu la kwanza ni kwamba ukishaongoza kwa saa tano sita, akili inaanza kukichukulia kitu kuwa chako. Umeshakipangia mahali pa kukaa chumbani. Anayekuja kupandisha juu yako unamwona kama mwizi. Jibu la pili ni zito zaidi, na lina historia. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu kampuni zilizokuwa zikigombea vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico. Waligundua kwamba kampuni zilizoshinda zilipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia, na sababu haikuwa ujinga wa wataalamu wao. Hakuna aliyejua kwa hakika chini kuna mafuta kiasi gani. Kila kampuni ilikadiria, nyingine juu, nyingine chini. Anayeshinda mnada ni yule aliyekadiria juu kuliko wote, yaani mara nyingi ni yule aliyekosea kwa kuzidisha. Wachumi wakaiita laana ya mshindi.

Pikipiki ya yadi ni kitalu cha mafuta kidogo. Watu ishirini wanatazama picha zilezile nne. Mmoja aliyesomea ufundi ameona moshi kwenye bomba la kutolea akaacha. Mwingine aliyekwenda kuikagua ameinamisha, akaona mafuta yanavuja, akaacha. Unayebaki ni wewe uliyeko bwenini, ambaye picha imekupendeza. Ndiyo maana ile sh. 200,000 ya yasiyoonekana siyo woga. Kadiri wagombeaji wanavyokuwa wengi na wewe unavyokuwa umeona kidogo, ndivyo inavyotakiwa kuongezeka. Mnadani kwetu mnunuzi wa ng'ombe anamzunguka, anamgusa nundu, anamfungua mdomo, anamtembeza. Kwenye simu hakuna cha kugusa. Basi punguza bei.

Benki Kuu wanaijua shida hii ya wageni. Kwenye minada ya hatifungani za Serikali, mwekezaji mdogo anaruhusiwa kutopambana kwa bei kabisa. Anasema anataka za kiasi gani, kisha anauziwa kwa wastani wa bei za walioshinda. Ni kukubali tu kwamba mtu asiye na taarifa asilazimishwe kushindana na benki. Kwenye yadi za pikipiki huruma hiyo haipo.

Haya, mbinu. Ile ya sekunde ya mwisho ndiyo maarufu, na kwa haki yake siyo ya kipuuzi. Mwaka 2002 Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha utafiti wakilinganisha eBay na minada iliyokuwa ikiendeshwa na Amazon. eBay mnada ulifungwa kwa saa iliyotangazwa, liwalo na liwe, na watu wengi walisubiri dakika za mwisho. Amazon, kila dau jipya lilipoingia karibu na kufunga, muda ulisogezwa mbele hadi zipite dakika kumi bila dau, na huko tabia ya kusubiri mwisho ilikuwa ndogo sana. Kwa hiyo kabla hujaamka usiku wa manane kuvizia, soma kanuni. Kama muda unasogezwa, unavizia nini? Utakuwa umejinyima usingizi ili uingie kwenye mnada uleule, tena ukiwa umechoka.

Kama muda hausogezwi, kuchelewa kunasaidia kwa sababu moja ya maana: hakumpi mpinzani nafasi ya kukasirika. Lakini kumbuka uko wapi. Mtandao wa hosteli saa nne usiku kila mtu yuko humo. Ukiwa likizo nyumbani, unaweza kuwa na bando la kutosha na mnara ukakukimbia sekunde ishirini kabla ya kufunga. Na tatizo kubwa la kuvizia ni kwamba linakuweka macho kwenye skrini katika dakika ambazo binadamu ana akili kidogo kuliko zote.

Kama mfumo una sehemu ya kuandika dau la juu kabisa na kuuachia mfumo ukupigie hatua kwa hatua, kama eBay, itumie hiyo. Andika kikomo chako, zima simu, nenda kasome. Mantiki yake ilielezwa na William Vickrey tangu mwaka 1961, miongo mitatu kabla ya eBay kuzaliwa: pale mshindi anapolipa kulingana na dau la wa pili, huna sababu ya kuficha thamani yako ya kweli wala kuizidisha. Ukiandika pungufu unaweza kukosa kitu ulichokitaka kwa bei nzuri. Ukizidisha unaweza kukipata kwa bei usiyoitaka. Wengine wanaogopa kwamba mfumo utapandisha mpaka kikomo bila sababu. Mfumo ukiwa wa haki unapandisha kuzidi wa pili kidogo tu. Na hapo ongeza kautundu kadogo: watu wanapenda namba za mviringo, kwa hiyo anayeishia 920,000 hushindwa na aliyeandika 921,500. Hilo elfu moja na jero liwe ndani ya hesabu yako tangu mwanzo, usiliongeze ukiwa umeshapandwa na mori.

Kwenye makundi ya WhatsApp hakuna mfumo wa namna hiyo. Kuna msimamizi, kuna kelele, na kuna "nani zaidi?" Huko nashauri kitu ambacho baba yangu mdogo hukifanya akienda mnadani kununua ng'ombe. Hela haishiki yeye. Anakwenda na mtu, anamkabidhi, anamwambia mbele ya mama mdogo kwamba mwisho wetu ni kiasi fulani. Yeye anabishana, mwenzake anashika. Akitaka kupita, lazima ageuke aombe, na kule kugeuka tu kunampoza. Wewe fanya hivyohivyo: kikomo kiwe kwenye simu ya rafiki, na hela, kama inawezekana, iwe kwenye akaunti yake mpaka mnada uishe. Chagua rafiki mgumu, asiyekucheka na asiyekuonea huruma.

Tena usigombee vitu vitatu vinavyofanana kwa wakati mmoja ukitegemea kukosa viwili. Siku ya siku utashinda vyote, na dau lako ni ahadi. Anza kwa kutazama minada mitano sita bila kuweka shilingi, ukiandika bei ya mwisho ya kila kitu kwenye daftari. Daftari hilo litakufundisha kuliko mzoefu yeyote wa kundini. Kisha nunua kitu kidogo, cha bei ambayo ukiipoteza utakula ugali na mchicha wiki moja na maisha yataendelea.

Kuna minada ambayo kikomo chake sahihi ni kutoingia. Ukikuta ile ambayo kila dau lenyewe unalilipia, kimbia. Swoopo, kampuni iliyoanzia Ujerumani, iliendesha biashara hiyo mpaka ikafungwa mwaka 2011. Kila dau lilipandisha bei kwa senti chache tu, lakini kuliweka kuligharimu zaidi ya hizo senti, na waliokosa hawakurudishiwa chochote. Mtu mmoja anaondoka na televisheni ya "bei chee", wengine mia wameilipia. Huo ni mkeka uliovaa joho.

Vilevile kuna madau hewa. Muuzaji anaweka binamu yake kundini, kila ukipanda naye anapanda, ukifika juu binamu anapotea. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inalitazama hilo: muuzaji asiyetangaza kwamba atagombea mali yake mwenyewe, kisha akagombea au akamtuma mtu amgombee, mnunuzi ana haki ya kuuchukulia mnada huo kuwa wa udanganyifu. Haki hiyo ni nzuri kuijua, ingawa kumpeleka mtu mahakamani kwa simu ya laki mbili ni safari ndefu. Kinga ya haraka ni ileile. Binamu hewa anakula tu hela iliyo juu ya kikomo chako cha kweli. Ukiwa na kikomo na ukakishika, anamwachia muuzaji mali yake mkononi.

Na kuhusu malipo sitaandika mengi, kila mtu ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Malipo ya Serikali yana namba maalumu ya malipo. Dalali halali ana leseni na ofisi. Anayekuambia mnada ni wa taasisi ya umma halafu amana iende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hapo hakuna mnada.

Najua nitajibiwa kwamba kwa ugumu huu mtu hatashinda kamwe. Nimeambiwa hivyo kundini, tena na watu ninaowaheshimu. Ni kweli utakosa mara nyingi. Ukigombea na watu ishirini kwa kikomo cha haki, kukosa ndiyo hali ya kawaida, kama kuomba hosteli. Lakini pikipiki zilizotumika haziishi Tanzania hii, na yadi haitajaa leo ikabaki tupu kesho. Kinachoisha ni magunia ya mzee. Wapo pia wanaosema hesabu yote hii ni ya watu wa biashara, wengine tunasomea ualimu. Ni kujumlisha na kutoa, jamani. Mama zetu wanaouza ndizi barabarani wanaifanya kichwani kila asubuhi, na hawajawahi kununua mkungu kwa bei inayozidi watakayouzia.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa umoja wetu na kwa Waziri wa Mikopo wa serikali ya wanafunzi. Wiki ya bumu ndiyo wiki ambayo matangazo haya yanamiminika, siyo kwa bahati mbaya. Makundi yote yanayosimamiwa na umoja yawe na kanuni za mnada zilizobandikwa juu: saa ya kufunga itajwe kabla ya dau la kwanza, muuzaji ajitambulishe kwa jina na namba ya usajili wa chuo, ndugu na wachumba wa muuzaji wasigombee, na bei itajwe ikiwa na kodi na usafiri ndani au bila hivyo, wazi. Hakuna dau kupokelewa baada ya saa tatu usiku. Mwaka wa kwanza asiruhusiwe kuweka dau lolote kwa wiki mbili za mwanzo, atazame tu. Na tangazo la pikipiki lisilo na picha ya namba ya chasisi na kadi yake liondolewe siku hiyohiyo, hata kama aliyelituma ni mwenyekiti.